Utaka wa Matema, kabla hawajafika sokoni

Kila nikirudi Mbeya mjini kutoka Matema naulizwa swali lile lile: huko Ziwa Nyasa unakwenda kutazama nini, wakati utaka tunawaona sokoni kila siku? Wa sokoni wamekaushwa juani, wote rangi ya majivu. Rangi ya samaki huyu hufifia muda mfupi tu baada ya kutolewa majini, kwa hiyo mtu anaweza kumla miaka mingi asijue kwamba dume lake hung'aa buluu.

Mimi nimesomea samaki wa maji baridi, na utaka ndio walionishika moyo. Ni jamii moja na furu na perege, na wengi hawazidi sentimita 20. Jina hilo moja limebeba spishi nyingi. Jike na wachanga ni wa rangi ya fedha, mara nyingi wakiwa na madoa meusi mawili au matatu ubavuni.

Matema yenyewe ni ufuko wa mchanga. Ukipanda mtumbwi kuelekea Ikombe, kwa wafinyanzi wa Kikisi, mchanga unakatika ghafla na Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani. Mawe yanaendelea kushuka chini ya maji hadi jicho linapoishia. Ziwa Nyasa halina matumbawe kama Mafia au Kilwa. Huku mawe ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Mbuna, samaki wadogo wa miambani, wanakwangua mwani juu yake, kila mmoja akilinda kipande chake. Juu yao, mita chache tu, ndipo wanapoelea utaka, mamia kwa mamia, wote wameelekeza vichwa upande mmoja.

Upande huo ndiko mkondo unakotokea. Maji yakipita kwenye mwamba huleta vijidudu vya jamii ya kamba, vidogo kama punje ya chumvi, na utaka huvisubiri hapo hapo. Tazama mdomo wake kwa makini: unachomoka mbele kama bomba, unafyonza, unarudi. Anaona kijidudu kimoja, anakifyonza, anatafuta kingine. Kusi inapovuma, kuanzia Mei hadi Agosti, huyakoroga maji na kupandisha rutuba iliyokuwa chini, mwani mdogo unaongezeka, na vijidudu vinavyoula vinaongezeka pia.

Kundi ni kinga. Mnandi akipiga mbizi, au furu mwembamba mwenye meno kama sindano akitokea upande wa kilindi, kundi zima linageuka kwa pamoja na kushuka kwenye mawe. Hakuna kiongozi anayetoa amri. Kila samaki anamwona jirani yake, na ubavuni ana mstari wa vihisio unaopokea msukosuko wa maji, hivyo mshtuko wa mmoja unawafikia wote karibu mara moja. Adui anabaki na wingi wa miili inayomemetuka, asijue amfuate nani.

Wakati wa kuzaa, dume hujitenga na kundi. Hapo ndipo anapogeuka buluu iliyokolea au nyeusi, wengine wakiwa na utosi mweupe au manjano. Katika spishi nyingi dume huchagua mahali pake kwenye mwamba, au hurundika mchanga na kuchimba kishimo juu yake, kisha huwatimua madume wengine. Jike hushuka kutoka kwenye kundi, hutaga, na papo hapo huyaokota mayai kwa mdomo. Atayatunza humo kwa takriban wiki tatu, taya limevimba, akila kidogo sana au asile kabisa.

Ndiyo maana nyavu zenye matundu madogo, zinazomnasa jike pamoja na watoto walio mdomoni, zinaniuma. Asubuhi moja mvuvi aliniita, "Dada, njoo uone huyu." Jike alikuwa ametema watoto ndani ya mtumbwi, kwenye maji kidogo yaliyotuama chini. Tulihesabu 31, kila mmoja ana macho makubwa yasiyolingana na mwili wake. Mzee yule aliwachota kwa kata, akapiga kasia hadi kwenye mawe, akawamwaga taratibu. Walizama moja kwa moja kwenye ufa wa jiwe, wakajikusanya pamoja humo.