Skrini Haijui Meza Iko Wapi

Wiki hii nimeletewa tena kesi ileile. Namba za skrini ya milingi, mashine ya kukata chuma, zinazoonyesha meza imesogea kiasi gani, zinaruka, mwenye karakana anaamua skrini imekufa, ananunua mpya, anaichomeka, na namba zinaruka vilevile. Ndipo ananitafuta. Hela imeshakwenda, na ugonjwa uko palepale ulipokuwa, kwenye skeli, kile kipimo kirefu kinachofungwa kwenye meza na kuunganishwa na skrini kwa waya.

Jamani, skrini kazi yake ni kuhesabu tu. Kichwa cha kusoma kinapita juu ya kioo chenye mistari, ambayo kwenye skeli nyingi za mikroni 5 hupangwa kila baada ya mikroni 20 (mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kinatoa mawimbi mawili ya umeme, A na B, yaliyopishana robo ya mzunguko. Kwa kupishana huko skrini inajua meza inakwenda kushoto au kulia, na kila mstari unaipa hatua nne, yaani mapigo manne: 20 gawanya kwa 4, unapata mikroni 5. Ndiyo maana tarakimu yako ya mwisho ni 0 au 5 siku zote. Mapigo yasipofika, skrini haina habari kwamba meza imesogea.

Basi kabla hujatoa hela, zima umeme, badilishanisha plagi za skeli za X na Y, yaani pande mbili za mwendo wa meza, washa. Ugonjwa ukihamia upande wa Y wa skrini, mbovu ni skeli ya X au waya wake. Ukibaki X, hapo ilaumu skrini. Ni kazi ya dakika mbili na haihitaji hata bisibisi kubwa, lakini karibu hakuna anayeifanya.

Halafu tazama sura ya kosa. Linalokua sawasawa na mwendo ni la mpangilio: umesogeza milimita 10 inasoma 50, basi skeli ya mikroni 1 imewekwa kama ya mikroni 5. Ikisoma mara mbili kwenye mashine ya kukereza, skrini imewekwa kwenye kipenyo badala ya nusu kipenyo. Namba zikicheza kila mota inapowaka, au jirani anapochomelea, anza na ethi na ganda la chuma linalokinga waya wa skeli.

Namba isiyorudi sifuri ni habari nyingine. Funga geji ya mshale, leta meza mpaka mshale usome sifuri, futa skrini. Peleka meza mpaka mwisho, irudishe mpaka mshale usome sifuri tena. Skrini ikisema 0.035, mapigo yamepotea njiani. Rudia polepole, nusu ya safari, robo ya safari, mpaka ujue yanapotea wapi. Yakipotea sehemu moja tu, kuna doa kwenye kioo hapo, na mara nyingi ukichungulia juu yake utakuta midomo ya mpira inayoziba skeli imechanika, au skeli ilifungwa midomo ikitazama juu, inapokea mafuta na chenga za chuma. Safisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usipulize kwa kompresa ya karakana, utaingiza maji na mafuta ndani zaidi. Na hata ukifanya yote vizuri, madoa mengine yanatoka moja kwa moja, mengine yanarudi baada ya muda, na kwa kutazama tu siwezi kukuahidi lako ni la aina gani.

Sasa hili linaloniudhi kuliko yote: "Fundi, inapima vibaya kwa sababu skeli haijakaa sambamba." Piga hesabu. Skeli iliyopinda milimita 1 kwenye urefu wa 500 inakupa kosa la milimita 0.001. Tunaikazania isiachane na reli, njia ambazo meza inateleza juu yake, zaidi ya milimita 0.1 kwa sababu ikipinda kichwa kinasuguana, kinaachana na kioo, na mapigo yanapotea. Kipimo chenyewe hakiharibiki kwa hilo.

Kinachoharibu ni umbali kati ya skeli na kisu. Ernst Abbe wa Ujerumani alilieleza mwaka 1890: kipimo kikae kwenye mstari mmoja na kinachopimwa. Kwenye milingi haiwezekani, skeli iko nyuma ya meza na kisu kiko juu. Tuseme tofauti ni milimita 300, na meza inainama milimita 0.1 kwa kila mita kwa sababu reli zimelika. Kwenye kisu umepotea milimita 0.03, mara thelathini ya lile kosa la kupinda, na skrini inaonyesha namba safi kabisa. Mtu anashinda kutwa akiweka shimu, vibati vyembamba vya kusawazisha, chini ya skeli, na vibao vya kubana reli vimelegea!

Msinijibu kwamba skrini ina marekebisho ya kosa. Ile ya kawaida inazidisha kila namba kwa kiwango kimoja, na reli zetu hazijalika hivyo, zimelika zaidi katikati ambako kazi hufungwa kila siku. Kutenganisha uchakavu wa reli na kosa la skeli kwenye mashine kuukuu ni kazi ngumu, na kuna mashine ambazo majibu yake hubadilika meza ikibeba mzigo. Kwa hizo huwa nafunga geji kwenye spindo, mhimili unaoshika kisu, usawa wa kisu, napima kwa vipande vya kupimia kila milimita 50, naandika tofauti kwenye karatasi na kuibandika kwenye mashine. Anayekata anaisoma karatasi pamoja na skrini.