Je, wajua? Hata chembe zisizovutana huganda

Ukiuliza kwa nini maji huganda, utajibiwa kwamba molekuli zake huvutana, na baridi ikizidi zinakosa nguvu ya kuponyokana. Sawa. Ila chukua matufe magumu kama gololi, yasiyovutana hata chembe, kazi yake kugongana tu. Nayo yataganda?

Katika miaka ya 1950 wataalamu wengi hawakuamini. Aliyewabadilisha mawazo ni Berni Alder, aliyezaliwa Duisburg, Ujerumani, mwaka 1925, akakulia Zürich familia yake ilipowakimbia Wanazi, hatimaye akahamia Marekani. Kazi yake kubwa aliifanyia Livermore, California, kwenye maabara ya silaha za nyuklia. Huko ndiko kompyuta zilikokuwa.

Yeye na Tom Wainwright waliifanya kompyuta ipige hesabu: jozi gani ya matufe itagongana kwanza, na lini? Inayasogeza yote mpaka wakati huo, inabadilisha mwendo wa yale mawili kwa kanuni za Newton, kisha inaanza upya, maelfu kwa maelfu ya migongano. Kwa miaka mingi programu hizo ziliandikwa na Mary Ann Mansigh, ambaye kwenye makala zao aliishia kushukuriwa tu. Kwa maoni yangu alistahili zaidi.

Mwaka 1957 majibu yakatoka. Matufe yakisongamana vya kutosha, hujipanga yenyewe kuwa fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimekaa kwa mpangilio unaojirudia.

Kwa nini? Ukiyamwaga ovyo kwenye chombo, matufe hukwama yakijaza takriban asilimia 64 ya nafasi. Yakipangwa vizuri hufika asilimia 74. Sasa tuseme yamejaza asilimia 60. Yaliyovurugika yamebanana, karibu hayafurukuti. Yaliyojipanga bado yana upenyo, kila tufe likicheza ndani ya kijumba chake. Kwa hiyo njia za kuwa katika mpangilio ni nyingi kuliko njia za kuwa katika vurugu, na maumbile huelekea kwenye njia nyingi. Hiyo ndiyo entropia, ileile tuliyozoea kuilaumu kwa kuvuruga mambo, hapa inayapanga.

Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba ugandaji huanza matufe yakijaza asilimia 49.4, na ikifika 54.5 mfumo wote ni fuwele. Mwaka 1986 Peter Pusey na William van Megen walilithibitisha hilo maabara kwa vipunje vya plastiki vyenye upana usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita, vikielea katika kimiminika. Fuwele zilijitokeza zenyewe. Leo mfano huu wa matufe ni msingi wa sayansi ya maada laini: rangi za kupaka, jeli, povu na jamii yake.

Alder alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 2008, akafariki 2020. Bado kuna mgogoro mmoja. Kuanzia asilimia 58 hivi, vipunje vya maabara mara nyingi hukwama kama kioo cha dirisha, vigumu lakini bila mpangilio, kabla havijawahi kujipanga, na wanafizikia wanaendelea kubishana kwa nini.