Waliotoweka kwenye ankete ya ajira ya Goma: yanayosemwa na ukweli wake

Ankete ya ajira inayorudi kwa watu walewale kila baada ya miezi kadhaa hupoteza watu njiani, popote inapofanyika. Goma ina sababu za ziada: Nyiragongo ililipuka Mei 2021, vita vikaingia mjini Januari 2025, watu wakahama na laini za simu zikazimwa.

"Waliokosekana tuwazibe kwa jirani zao." Kwangu mimi hakuna kosa baya kuliko hili, maana linaficha pengo lenyewe. Tuseme duru ya kwanza ilihoji vijana 100 wa Majengo, na 40 walikuwa na kazi. Duru ya pili wamepatikana 60, na 30 kati yao wana kazi. Ripoti itatangaza kwamba ajira imepanda kutoka asilimia 40 hadi 50. Lakini ikiwa kati ya wale 40 waliokosekana wenye kazi ni 6 tu, jumla ni 36 kwa 100: ajira imeshuka. Jirani hawezi kuwasemea hao. Huenda kilichomwezesha kubaki mtaani ni hiyo kazi aliyo nayo.

"Asiyepokea simu hana kazi." Pengine ni kinyume kabisa. Mama wa Birere aliyevuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière alfajiri kununua nyanya za kuuza huweka laini ya Rwanda akifika Gisenyi. Mpigie saa nne asubuhi kwenye namba yake ya Kongo, utaambiwa hapatikani; atakayepokea ni aliyeshinda nyumbani. Jaribu saa moja jioni. Na daftari la simu liandike saa ya kila jaribio, limtenge aliyekataa na asiyepatikana na aliyehama, kwa sababu kila mmoja ana dawa yake.

"Aliyehama ametoka kwenye utafiti." Kule Kagera, Tanzania, watu wa kaya zilizohojiwa 1991–1994 walitafutwa tena mwaka 2004, pamoja na waliohamia mbali. Ikaonekana kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi yao. Wangehojiwa waliobaki vijijini peke yao, hilo lisingeonekana. Kuomba namba za ndugu wawili au watatu duru ya kwanza ni kazi ya dakika chache.

"Wakipungua nusu, data ni ya kutupa." Si lazima. PSID, ankete ya Marekani inayofuata familia zilezile tangu 1968, ilikuwa imepoteza karibu nusu ya watu wake kufikia 1989, lakini watafiti Fitzgerald, Gottschalk na Moffitt walioichunguza hawakukuta ushahidi mzito kwamba uwakilishi wake umeharibika.

"Uzito utarekebisha yote." Uzito, yaani kumhesabu aliyepatikana zaidi ya mara moja ili awasimamie waliokosekana wanaofanana naye, utarekebisha tunachokijua. Kama nusu ya wauzaji wadogo wa duru ya kwanza hawakupatikana, kila aliyepatikana ahesabiwe mara mbili. Ila aliyetoweka kwa sababu kazi ilimwisha juzi, duru ya kwanza haina habari naye. Hapo afadhali kuandika mipaka yote miwili: wale 40 wa Majengo wakiwa wote hawana kazi, ajira ni asilimia 30, wakiwa wote wanayo, ni 70. Mfadhili atakunja uso. Lakini kila mmoja wa hao 40 anayepatikana hupunguza upana huo kwa pointi moja, kwa hiyo inite za simu za kuwatafuta ziingie kwenye bajeti kabla ya duru ya kwanza.