Je, wajua kwa nini kiwanda cha alizeti cha kwetu kinaweza kujifunza kwenye daftari la uchafuzi la ng'ambo?

Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Singida baada ya mavuno, utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kwenye vichanja kando ya barabara, manjano yake yakimeta juani. Nyuma ya vichanja kuna mashine za kukamua, nyingi ni ndogo. Mbegu inabanwa, mafuta yanachuruzika, mashudu yanatoka upande wa pili kwenda kwa wafuga kuku na ng'ombe. Kilichoingia kimetoka, na kilichotoka unakiona kwa macho.

Ila mashudu hayo bado yana mafuta ndani, na kiwanda kikubwa hakikubali kuyaacha. Huyaosha kwa kimiminika kiitwacho heksani, kinachotokana na mafuta ghafi ya petroli. Heksani huyeyusha mafuta yaliyobaki, kisha mchanganyiko hupashwa moto. Kwa kuwa heksani huchemka kwenye nyuzi 69 hivi, hupaa ikawa mvuke na kuyaacha mafuta nyuma. Mvuke hupozwa, hurudi kuwa kimiminika, na kazi inaanza upya. Ni mzunguko, na kila mzunguko hupoteza kidogo: nyingine hubaki kwenye mashudu, nyingine hupenya kwenye maungio ya mabomba, nyingine hutoka na hewa kwenye dohani.

Kidogo hicho si cha kupuuza. Mtu anayeivuta heksani kazini siku hadi siku anaweza kuharibika mishipa ya fahamu. Dalili huanza kwa ganzi ya vidole vya mikono na miguu. Heksani pia huwaka upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya kwenye mitaro. Tarehe 13 Februari 1981, katika mji wa Louisville nchini Marekani, heksani ya kiwanda cha soya iliingia kwenye mabomba ya majitaka ikalipuka alfajiri. Barabara zilifumuka kwa urefu wa kilomita tatu hivi.

Sasa, utajuaje kiwanda kimepoteza kiasi gani, wakati mvuke wenyewe hauonekani? Hapa ndipo penye uzuri wa jambo hili. Huhitaji chombo cha gharama cha kunusa hewa. Fungua kitabu cha stoo. Kwa kuwa heksani inazunguka, haiuzwi wala haitakiwi kubaki kwenye bidhaa, kiasi kinachonunuliwa mwaka mzima kuziba pengo ndicho kiasi kilichopotea. Mwanzo wa mwaka tangi lilikuwa na kiasi hiki, mwisho lina kiasi hiki, katikati tumenunua kiasi hiki: toa, jumlisha, umemaliza. Mwenye duka la rejareja pale Majengo, hapa Dodoma, anaifanya hesabu ya namna hiyo kila mwezi kwa unga na sukari.

Kwa miaka mingi viwanda duniani vilikuwa na hesabu za aina hii vikazifungia kabatini. Kilichovunja kabati ni msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya methili isosayanati ilivuja kwenye kiwanda cha viuatilifu mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Agosti 1985 kemikali nyingine ikavuja katika kiwanda cha kampuni ileile huko West Virginia, na watu zaidi ya 100 wakapelekwa hospitali. Mwaka 1986 Marekani ikatunga sheria inayompa mwananchi haki ya kujua, na kuanzia na takwimu za mwaka 1987 viwanda vikalazimika kutangaza, kemikali kwa kemikali, vimetoa kiasi gani hewani, majini na ardhini, na vimehamisha kiasi gani kama taka kwenda kwingine. Daftari hilo la wazi ndilo rejista ya uchafuzi. Ulaya nayo ikafuata: Itifaki ya Kyiv kuhusu rejista za uchafuzi ilipitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2009.

Mwaka 1990 Marekani iliongeza kipengele ambacho kwangu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kiwanda kikishusha uchafuzi, kieleze kimefanya nini: kimebadili malighafi, kimebana mabomba, au kimebadili namna ya kuosha mashine. Namba peke yake inakuambia jirani amefaulu. Maelezo yanakuambia amefauluje, na hayo ndiyo yanayovuka mpaka.

Turudi kwenye alizeti. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakiwekea kiwanda cha mafuta ya alizeti kikomo cha kupoteza kilo 1 ya kiyeyushi, yaani heksani hiyo, kwa kila tani ya mbegu. Tuchukulie mfano wa kiwanda kinachosindika tani 50,000 kwa mwaka. Kikipoteza kilo 1 kwa tani, ni tani 50 za heksani. Kikipoteza kilo 3, ni tani 150. Tofauti ni tani 100, yaani lita kama 150,000 zilizonunuliwa kwa fedha za kigeni, zikasafirishwa kwa lori, zikaishia puani mwa wafanyakazi. Meneja aliyezoea kilo 3 anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba ndivyo kazi ilivyo, mpaka aone kwamba wenzake wanaendesha mitambo ya aina yake kwa kilo 1. Hapo ataanza kuuliza kuhusu vipoza mvuke vikubwa zaidi, kuhusu mnara wa mafuta ya madini unaonasa heksani kabla haijatoka na hewa, kuhusu mvuke wa maji unaokausha mashudu vizuri, na kuhusu kupunguza kuzima na kuwasha mitambo ovyo. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kugunduliwa upya Singida.

Kulinganisha kuna mitego, lakini. Marekani huiandika heksani kwa jina lake, na kiwanda huingia kwenye hesabu kikitumia pauni 10,000 kwa mwaka, yaani tani 4.5 hivi. Rejista ya Ulaya huichanganya na mivuke mingine ya aina yake kwenye fungu moja, tena hudai taarifa pale tu jumla inapozidi tani 100. Kiwanda chetu cha mfano, kile cha tani 50, kingeonekana wazi Marekani na kisionekane kabisa Ulaya. Msomaji asiyejua hili atadhani Ulaya hakuna tatizo. Zaidi ya hayo, rejista ya Marekani hutaja jumla iliyotoka bila kulazimika kutaja tani zilizosindikwa, na bila hizo huwezi kumtofautisha mchafuzi mkubwa na mzalishaji mkubwa.

Mtego mwingine ni uchafuzi unaohama badala ya kupungua. Mwaka 2008 Marekani iliubana mno ukomo wa madini ya risasi hewani, ikaushusha mara kumi. Uuzaji wa betri chakavu za magari, ambazo ndani zina risasi, kwenda Mexico, ambako ukomo ulikuwa bado wa zamani, uliongezeka mara kadhaa kati ya 2004 na 2011. Tume ya ushirikiano wa mazingira ya Kanada, Marekani na Mexico ililiona hilo kwa kuweka takwimu za nchi hizo pamoja. Anayesoma daftari la nchi moja angeshangilia. Kwetu, ambako wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani wakiulizia betri, jambo hili si la kusimuliwa tu.

Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayotaka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kiwanda kujengwa, na tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Itifaki ya Kyiv iko wazi kwa kila nchi ya Umoja wa Mataifa. Sisi bado hatujajiunga. Nami nataka kwa dhati tujiunge, kwa sababu Dodoma inakua, viwanda vinasogea Nala na Kizota, na maji ya jiji hili kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi kule Makutupora. Kinachomwagwa juu ya udongo huu hakina mto mkubwa wa kukibeba.

Lakini mwanzo hauhitaji kusubiri itifaki. Kwa kiwanda cha alizeti zinatosha namba mbili kila Desemba, zikibandikwa mahali ambapo mfanyakazi na jirani wanaweza kuzisoma: tani za mbegu zilizoingia, na kilo za heksani zilizonunuliwa kuziba pengo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, kisha uweke jibu lako kando ya ile kilo 1.