Kiitaliano hakipiti kwa Kiingereza

Nafundisha Kiitaliano Malindi, mji uliozoea Waitaliano tangu enzi zile walipokuwa wakirusha satelaiti kutoka Ngomeni, miaka ya 1960. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa hoteli na wa ufuoni. Wanakuja na Kiingereza chao mkononi, na hicho ndicho kinachowaponza. Wakisikia *caldo* wanaleta maji ya barafu, kumbe mgeni kaomba ya moto. *Parenti* wanadhani ni wazazi, kumbe ni jamaa tu. Wazazi ni *genitori*. *Fattoria* ni shamba, si kiwanda. Na mgeni akilalamika kwamba *camera* yake ni chafu, mpelekee fagio: anasema chumba.

Mimi huwaambia wakiweke Kiingereza kando, wafikiri kwa Kiswahili. Mwitaliano husema *ho fame*, *ho sete*, *ho sonno*, *ho trent'anni*: nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina miaka thelathini. Neno kwa neno! Kitenzi *sentire* nacho ni kusikia kwetu kabisa, maana Mwitaliano husikia sauti, husikia baridi, na husikia harufu. Ukifika mlangoni kwake piga hodi kwa *permesso*, naye atakuitikia *avanti*. *Prego* ni karibu ya kumjibu aliyekushukuru, na ni karibu ya kumpisha mtu atangulie.

Tunapokwama ni kwenye konsonanti mbili. *Penne* ni tambi. *Pene* ni uume, na mhudumu anayeuliza meza nzima nani kaagiza *pene* atachekwa hadi jikoni. *Anno* ni mwaka, lakini *ano* ni tundu la haja kubwa, kwa hiyo umri wako utaje kwa uangalifu. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. *Capello* ni unywele, *cappello* ni kofia.

Wengi hudhani sauti hizi hatuna. Hebu tamka "nne". Umeisikia hiyo n ilivyokaa kabla ya kuachiwa? Basi *penne* ni pe-nne, na *anno* utaipata hapo hapo. *Mamma* ichukue kwenye "mmea". L ya *palla*, yaani mpira, ishikilie kama unavyoishikilia kwenye "Allah". Kwa t, p na k hatuna mfano wa karibu: ziba pumzi kidogo, kisha achia. Tena usiivute irabu iliyotangulia. Sisi tumezoea kuirefusha silabi ya pili kutoka mwisho, na ukisema "seete" Mwitaliano atakuletea maji hata kama ulitaka kumwambia saa moja jioni, *le sette*.

Halafu hili la *ciao*, ambalo kila kijana wa ufuoni analo. Ni la marafiki, kama mambo au sasa. Mzee usiyemjua mpe *buongiorno* na umwite *Lei*, yaani wewe ya heshima, si *tu*, wewe ya marafiki. Akitaka *ciao*, ataianza mwenyewe.