Kostiki haipimwi kwa kijiko

"Mwalimu, kwa lita moja ya mafuta natia vijiko vingapi vya kostiki?"

Hakuna darasa la sabuni za manukato na michirizi ya rangi ninalofundisha likaisha bila swali hili la kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Na anayeuliza mara nyingi huwa ameshatumiwa jibu na mtu kwenye WhatsApp: vitano, vinane, "kikombe kimoja cha chai", inategemea aliyemtumia ni nani. Uvumilivu wangu kwa swali hili umekwisha, kwa hiyo nitakaa nalo hapa kwa kirefu. Maneno mengine ya makosa ninayoyasikia darasani nitayapitia mbiombio.

"Mafuta ni mafuta, kostiki ni ile ile"

Siyo kweli. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji takribani gramu 0.183 za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Mawese yanahitaji 0.142, alizeti 0.135, mbarika 0.128. Mtu akiona sifuri na nukta anadharau. Haya, tupige kwa kilo: kilo ya nazi inataka gramu 183, kilo ya alizeti inataka 135.

Sasa tuseme umepewa resipe ya nazi tupu, kostiki gramu 174, yaani 183 iliyokwisha kupunguzwa asilimia 5 ili yabaki mafuta kidogo ya kulinda ngozi. Ukaenda sokoni, nazi imepanda bei, ukasema si kitu, nitatumia alizeti niliyoletewa kutoka Singida. Kilo kwa kilo, kostiki ile ile. Alizeti itachukua gramu 135 na kuishia hapo. Zile 39 zilizobaki zitakwenda wapi? Haziendi popote. Zimo ndani ya kipande chako kizuri chenye mawimbi ya bluu na nyeupe, na atakayezikuta ni mtoto wa mteja wako siku ya kuogeshwa.

Fanya kinyume chake, tia kostiki ya alizeti kwenye nazi, utapata sabuni ambayo zaidi ya robo ya mafuta yake haijageuka. Inakuwa na utelezi wa mafuta, haitoi povu la maana, na mwisho wake inaanza kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Hapo mteja anasema manukato yako ni feki. Manukato hayana kosa.

Tuje kwenye kijiko chenyewe. Kostiki madukani ina sura mbili, vipande bapa na chembe za mviringo. Vipande vinaacha nafasi katikati, chembe zinajipanga, kwa hiyo kijiko cha chembe kina kostiki nyingi kuliko kijiko cha vipande. Juu ya hapo kuna unyevu. Kostiki hunyonya maji ya hewani; iache wazi juu ya meza Unguja au Dar wakati wa masika uone inavyoanza kung'aa, ikashikana, ikatoa majimaji. Ile iliyofungwa fundo kwenye mfuko laini na kukaa dukani miezi, ukipima gramu 100 sehemu yake ni maji uliyoyalipia. Na kuna wauzaji wanaokuchotea magadi soda ukidhani ni kostiki. Hayo ni vitu viwili tofauti, na magadi hayatakutolea sabuni kwa njia hii ya baridi, isiyotumia jiko, hata ukoroge mpaka kesho. Nunua kwenye chombo chenye lebo, kilichofungwa kiwandani. Ukishafungua, hifadhi kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kukaza.

Halafu lita si kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa kama gramu 920. Aliyekuandikia "lita 5" akiwa na maana ya kilo 5 ameshakuongezea kostiki bila kukuambia.

Resipe ninayoanza nayo darasani ni hii, kwa kilo moja ya mafuta: nazi gramu 300, mawese yaliyosafishwa 300, alizeti 350, mbarika 50. Kostiki: 54.9 ya nazi, 42.6 ya mawese, 47.25 ya alizeti, 6.4 ya mbarika. Jumla 151.15. Toa asilimia 5, unabaki na 143.6, yaani 144 kwa mizani ya kawaida ya jikoni. Maji 330. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya kalibu za silikoni na kabla ya rangi. Mtu anakuja darasani na rangi aina kumi na mbili hana mizani! Mimi humrudisha dukani.

"Sufuria ni sufuria"

Hii inafuata kwa hatari. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu: yanafoka, yanachemka, yanatoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto, na sufuria inatoboka. Tumia chuma cha pua au ndoo nzito ya plastiki inayostahimili joto, maana mchanganyiko wa kostiki na maji unaweza kupanda mpaka nyuzi 80 au 90 pasipo jiko. Glasi siitaki darasani, inaweza kupasuka. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Miwani na glavu huvaliwa kabla ya kufungua chupa. Ikikurukia, ni maji ya bomba yanayotiririka dakika 15 na zaidi, si siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, suuza hivyo hivyo kisha hospitali.

"Manukato yakizidi ndiyo inanukia"

Kanuni yangu ni gramu 30 za manukato kwa kilo ya mafuta, na kuna manukato yasiyofika hata huko. Karafuu ndiyo inayowaumbua wengi, hasa wenyeji wa Visiwani, kwa sababu tumeizoea mpaka tunaiona haina madhara. Mafuta ya karafuu, yawe ya maua au ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kama yanayokamuliwa pale kiwandani Wawi, Pemba, yamejaa eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Eujenoli inawasha ngozi ikizidi, na ndani ya ndoo inaharakisha mambo kwa namna ambayo hujawahi kuiona. Umekoroga vizuri, uji wako wa mafuta na maji ya kostiki ni mwepesi, rangi zako tatu zimesimama mezani zinasubiri. Unamimina karafuu, unageuka kuchukua mwiko, ukirudi uji umekuwa bonge. Mwiko unasimama wenyewe. Michirizi imekwisha hapo; unabaki kukandika bonge kwenye kalibu kwa ngumi.

Anayetaka karafuu kwenye sabuni ya michirizi atie gramu 5 tu kwa kilo, azichanganye kwanza na manukato mengine, na azitie mwisho kabisa, akikoroga kwa mkono bila blenda. Mimi napenda kuzilaza ndani ya mchaichai: mchaichai unatulia, harufu yake inadumu, na karafuu inabaki nyuma kama kivuli. Machungwa na ndimu vinapendeza siku ya kwanza, mwezi wa pili huvisikii. Mlangilangi ni mzuri ila tia kidogo, una kelele.

Marashi ya chupa ya kujipulizia ni spiriti, na spiriti kwenye kostiki inapandisha joto na kugandisha uji. Marashi ya mawaridi ni maji yenye harufu, na harufu hiyo haivuki salama kwenye kostiki. Niacheni na hayo mawili.

"Michirizi ni kipaji cha mkono"

Mkono una sehemu yake, lakini kazi kubwa imeshaamuliwa kwenye mizani. Ukiweka nazi na mawese peke yake, uji unakimbia. Ndiyo sababu ya alizeti kwenye resipe yangu, inapunguza kasi. Mafuta na maji ya kostiki yote yapoe mpaka nyuzi 35 hadi 40. Blenda ya mkono unaibonyeza kwa vipindi vifupi, unazima, unakoroga nayo ikiwa imezimwa, unatazama. Inua mwiko, achia tone: likiacha alama hafifu juu kisha likazama, simama hapo hapo. Wengi wanaendelea "kidogo tu", na kidogo hicho ndicho kinachoua mchoro. Gawa uji sasa, tia rangi, mimina kwa zamu kutoka juu kidogo ili rangi ipenye chini, pitisha kijiti cha mshikaki mara chache. Mara chache, nasema. Ukizidisha, rangi tatu zinakuwa rangi moja ya matope.

Rangi zenyewe ziwe zimesagwa kwenye mafuta kabla hata hujagusa kostiki. Kijiko kimoja cha chai cha rangi kwenye kijiko kimoja cha chakula cha alizeti. Hapa kijiko ruksa.

"Rangi ya asili inabaki ilivyo"

Choya ni nyekundu kwenye glasi ya juisi, kwenye kostiki inageuka kijivu au kahawia. Biti ruti vivyo hivyo. Manjano inakuwa nyekundu kwanza, watu wanaogopa, kisha inatulia kwenye rangi ya dhahabu na kufifia ikikaa juani. Rangi za keki zinabadilika au zinahama kutoka mchirizi mmoja kwenda mwingine. Zinazostahimili ni oksaidi (rangi za unga wa madini), udongo wa kusafishwa na mkaa uliosagwa laini kabisa. Ukitaka nyeupe inayosomeka tumia titani dioksaidi, na usitie mawese mekundu ya Kigoma yasiyosafishwa, kwa sababu nyeupe yako itakuwa rangi ya embe bivu. Manukato yenye vanila nayo yataifanya kahawia hata kama rangi zote ni sahihi.

Yaliyobaki ni ya haraka.

"Nataka ya asili, isiyo na kostiki." Haipo. Hata sabuni za mwani za akina mama wa Paje na Kidoti huanza na kostiki. Hesabu ikiwa sahihi, mafuta yakishageuka sabuni kostiki haibaki. Ile ya kuyeyusha na kumimina wanayokuuzia imepikwa na mwingine kabla yako.

"Ongeza ndimu ishuke pH iwe 7." Sabuni ya kweli iko kwenye 9 hadi 10. Ndimu itakula sehemu ya kostiki na kuvuruga hesabu yako, na ukiilazimisha kushuka mpaka 7 inaacha kuwa sabuni, inageuka kuwa asidi za mafuta.

"Imeganda, basi nauza kesho." Kugeuka kwenyewe kunakamilika kwa kiasi kikubwa ndani ya siku moja au mbili, lakini maji bado yamo. Wiki nne ndiyo kima cha chini, sita ni bora. Sabuni ya siku tatu inayeyuka bafuni kwa mteja na jina linaloharibika ni lako. Kabla ya kuuza, lowesha kidole, sugua kipande, gusa kwa ncha ya ulimi: ukichomwa, usiuze.

"Inatoka jasho, imeharibika." Haijaharibika. Gliserini iliyomo inavuta unyevu, na pwani unyevu haukosekani. Ipange kwenye rafu yenye nafasi kati ya vipande, feni ikipita, na usiifunge kwa nailoni. Karatasi inatosha.