Eti Waislamu walidandia TANU njiani?

Kuna hii stori imezoeleka sana, kwamba uhuru wa Tanganyika uliletwa na wasomi wa shule za misheni na Waislamu wa Dar wakaja baadaye kupiga makofi tu. Sio kweli jamani. African Association, chama cha Waafrika, ilianza 1929 hapo hapo Dar, na kati ya walioiasisi alikuwepo Kleist Sykes, Muislamu wa mjini, chama hicho kikaja kuwa TAA (Tanganyika African Association), na Nyerere alipochukua urais 1953 aliyekuwa anaongoza na akashindwa kwenye ule uchaguzi ni mtoto wa Kleist, Abdulwahid, na wala hakununa akajitoa, wakaendelea pamoja mpaka TANU, chama kilichopigania uhuru, ikazaliwa 7 Julai 1954.

Halafu Bibi Titi Mohamed, naye Muislamu wa Dar. Huyu alikuwa muimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba, sasa ilipofika 1955 akaanza kuzungukia viongozi wa vikundi vya ngoma vya kina mama, lelemama na vingine, na ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima, ndo kadi za TANU zikauzika hivyo.

Wengine watakwambia mbona kulikuwa na AMNUT, chama cha Waislamu kilichotaka uhuru usubiri kwanza? Kilikuwepo kweli, ila hakikupata watu, Waislamu walio wengi walibaki TANU na Nyerere wao, Mkatoliki. Ila tusipindue stori upande wa pili pia, makamu wa rais wa TANU alikuwa John Rupia, Mkristo, na mfuko wake ulitoboka haswa kwa ajili ya chama.